Bango la Chumba cha Ambakisye

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya mabango ya zamani ya kupinga vita, yale ya karatasi yaliyobandikwa mitaani watu walipochoka kupoteza vijana wao. Moja lilinikwepa: mama amenyoosha mikono, na chini yake maneno, "Sitaki ushindi. Namtaka mwanangu." Siku Mwalimu Gwamaka, rafiki yangu wa Kawetele, aliponitumia picha ya bango hilo kwa simu, nilifunga begi nikaondoka Dar es Salaam.

Tukuyu nilikuta ukungu umeshuka mpaka barabarani. Gwamaka alinipokea stendi, tukanywa chai, tukapanda bodaboda kwenda Masukulu. Migomba ya njiani sikuiona mpaka iliponigusa mabega.

"Bibi Tumpe, mwenye bango, anaishi peke yake," Gwamaka aliniambia. "Ila ukimsikia anaongea, usishtuke."

Masukulu, Bibi Tumpe alitupokea mlangoni kwa lafudhi ya kwao. "Kalibuni ndani, kuna balidi." Marehemu mumewe alikuwa mchapaji Mbeya mjini. Mtoto wao wa pekee, Ambakisye, alikwenda vitani asirudi. Hata mwili hawakuletewa. Ndipo baba akalileta bango hilo, akalibandika chumbani kwa kijana, juu ya kitanda. Kitanda chenyewe bado kilikuwa kimetandikwa.

Nikamweleza Bibi kwamba nataka kulitunza mahali pasipo na unyevu, watu waje walione.

"Jalibu," akasema, akaenda jikoni kuchochea moto. Gwamaka naye akatoka kuongea na dereva.

Nikalowesha kona moja kwa maji ya uvuguvugu, nikapenyeza kisu taratibu. Karatasi ikaachia. Nyuma yake ikatoka hewa ya baridi, ikanipuliza vidole, ingawa ukuta ulikuwa mzima, hauna hata ufa.

Kutoka jikoni Bibi akaitika, "Abee, mwanangu! Nakuja."

"Bibi, sijaita."

"Siyo wewe."

Akaingia, akaifunika ile kona kwa kiganja. "Anasema umemfunua. Anasikia balidi."

Bango nililolitafuta nusu ya maisha yangu lilikuwa mbele yangu, lakini nikakiweka kisu chini. Nikamwomba unga wa ngano. Tukakoroga gundi kwenye sufuria, nikaibandika kona mwenyewe, nikaisugua mpaka ikalala.

Wakati wa kuondoka Bibi alitusindikiza hadi njiani, akanipa ndizi. Nilipokuwa nikimwambia "Ndaga," asante ya kwao, nikasikia komeo la mlango likivutwa kwa ndani. Sote tulikuwa nje. Gwamaka akainamisha uso.

"Bibi, utaingiaje?" nikauliza.

"Huwa ananifungulia."

Nilirudi Dar es Salaam bila bango. Nilikuwa nikidhani nakusanya masalia ya vita vilivyokwisha. Siku hizi, kabla sijabandua karatasi yoyote, nagonga ukuta kwanza, halafu nasikiliza.