Neno Alilorudi Nalo Baba

Juzi nilishuka Tabora, mvua za kwanza zimenyesha, nikakuta kinamama wa Usoke wamepanga uyoga sokoni. Harufu ile ya udongo mbichi ilinirudisha, ndugu yangu, kwenye jiko letu la Ng'ambo, enzi za Mwingereza, mwaka baba aliporudi kutoka vita vya Burma.

Siku ya kwanza mama alimpikia uyoga wa karanga. Baba akamega tonge, akachovya, akafumba macho. "Oishii," akasema taratibu.

Kesho yake nikamsikia mama akimwuliza jirani, ambaye mumewe naye alipelekwa huko, kama Oishii ni jina la mwanamke. Jirani akaguna. "Wa kwangu naye ana lake analolitaja usingizini."

Basi mama akapekua sanduku la baba, akanusa mashati ya jeshi moja moja. Mimi, binti yake, niliambiwa nitwangie karanga karibu na baba, nisikilize. Alilitaja jina lile karibu kila alipokula. Siku moja, akinawa mikono baada ya kushiba, akataja lingine refu zaidi: "Oishikatta." Nikapeleka habari.

"Kumbe wako wawili," mama akasema, akakaa chini.

Jioni ile akapika mlenda bila chumvi, kwa makusudi. Baba akala bila kutaja jina lolote.

"Leo umewasahau wake zako wa Burma?" mama akamwuliza.

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa hakucheka. Alisema kule alimlinda mateka wa Kijapani aliyekuwa mgonjwa, akawa anamgawia wali wake. Kwao, chakula kikiwa kitamu unasema oishii. Ukishamaliza kula, utamu umepita, unasema oishikatta.

"Huyo mateka alikuwa mwanamume?"

"Mwanamume. Alikufa kabla vita havijaisha."

Mama alimtazama sana. "Basi niambie kwa Kiswahili. Tangu unioe hujaniambia."

Baba akainama kama mkwe ugenini. "Unapika vizuri, mke wangu. Ila huu mlenda hauna chumvi."

Jirani alihama bila kuiamini habari hiyo. Wazazi wangu wamekwisha kwenda, na pale palipokuwa na jiko letu sasa wanauza magodoro. Nimebaki peke yangu ninayejua kwamba mama aliwahi kumwonea wivu Mjapani aliyekufa, na jinsi alivyoinuka kufuata chumvi, akijifuta macho kwa ncha ya khanga.