Ndoo Nne za Maji ya Mfongo

Jamani, kosa ni langu, ila anayelibeba ni mtu mwingine. Naliweka hapa kwa sababu kifuani limenishinda.

Mimi ni dereva wa gari la zege, hapa Moshi. Siku hiyo nilipakia zege kwenda Machame, kwa ajili ya slabu ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Barabara inapita getini kwa mama mkwe wangu, na alikuwa amesimama pale pale. Sasa upite na ligari lote lile usishuke kumwamkia? Wachagga wenzangu mnanielewa. Nikashuka. Akaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, na kata ya mkwe huirudishi ikiwa nusu.

Nilipotoka, jua lilikuwa kali na pipa linazunguka kwa shida. Zege limeanza kukaza. Utaratibu naujua: unapiga simu kiwandani, mtaalamu ndiye anaamua, maji huongezi hata kikombe. Lakini ningesema nilikuwa wapi, na mbege inanuka mdomoni? Kando ya barabara kuna mfongo, mfereji wa kumwagilia migomba. Nikachota ndoo nne, nikazimimina zote pipani. Likalainika.

Fundi mkuu wa pale, kijana mpole, akaliangalia linavyoteremka.

"Kaka, mbona jepesi hivi? Umeongeza maji?"

"Limetoka hivyo hivyo kiwandani."

"Haya, wewe ndiye mwenye zege."

Walipotoa mirunda iliyoishikilia kwa chini, slabu ikapasuka katikati, ikabonyea. Nyumba haiingiliki. Mwalimu na mgongo wake mbovu analala jikoni, ukuta mmoja na zizi la ng'ombe. Watu wakasema fundi kaiba nondo, vyuma vya ndani ya slabu.

Fundi akanifuata hadi Njoro ninakoishi. "Kaka, wewe ulipanda juu kabla hatujamwaga, nondo uliziona. Njoo unisemee kwa mwalimu."

Niliziona, zote. Lakini nikisema zilikuwepo, kitabaki nini cha kulaumiwa kama si zege langu? Nikamwambia sikuangalia. Alinitazama, akaaga kwa adabu, akaondoka. Siku hizi hakuna anayempa hata banda la kuku ajenge. Juzi nilimkuta Bomang'ombe sokoni anabeba mizigo ya watu. Akanisalimia yeye kwanza, wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Dereva mwenzangu, zege likikukazia njiani, sema limekaza. Acha limwagwe, acha ufukuzwe. Mimi sikufukuzwa. Kazi bado ninayo, njia ni ile ile, na kwa mwalimu sijaenda mpaka leo.