Kobe wa Somo Yangu

Niseme mapema kwamba mie ni mtu wa hasira za haraka, mtu asije akasoma hadi mwisho akaniambia nilitegewa. Sikutegewa. Mdomo ni wangu na aliyeufungua ni mimi.

Kazi yangu ni kuchora. Nachora kwa mtindo wa anime, zile katuni za Kijapani zenye macho makubwa na nywele zilizosimama, na nauza picha zangu kwenye matamasha ya wapenzi wake. Dar es Salaam nimeshaweka meza. Mombasa nimekwenda kwa kuvukia Horohoro, begi la picha mgongoni, na afisa wa pale mpakani aliyetaka kujua nimebeba nini akaishia kuniomba nimchoree binti yake. Msanii wa namna yangu hana bosi, maana yake kila kitu ni juu yake: kuchora, kuchapisha, kukata stika kwa mkasi mpaka kidole gumba kinafanya sugu, kubeba, kupanga na kutabasamu. Nyuma ya meza yangu husimamisha kipande cha wavu wa banda la kuku, nikaning'iniza picha kwa vibanio vya nguo.

Watu wanakuja wamevaa wigi za buluu na majoho waliyoshonewa na mafundi wa mtaani. Wanazipiga picha zangu picha, wanasema "aisee dada, unajua", kisha wanaondoka. Unaweza kusifiwa tangu asubuhi hadi alasiri na begi likarudi zito vilevile. Kinachouzika ni wahusika wanaojulikana, wale wa katuni za wenyewe. Kila msanii anawachora, nami nikawachora miaka miwili, na kila nilipomaliza mmoja nilijiona kama niliyepika kwenye jiko la jirani. Nilitaka changu. Nikachora pweza mwenye upanga, nikachora jini la mapangoni Amboni, nikachora bibi harusi anayeruka juu ya mapaa ya Ngamiani. Hakuna aliyegeuza shingo. Basi nikachora nisichotakiwa kuchora.

Hapa inabidi nimweleze somo yangu. Kwetu binti akivunja ungo hupewa mwanamke mzima wa kumfunda, si mama yake, mtu mwingine. Huyo ndiye somo. Anamfundisha usafi, adabu, namna ya kukaa na watu, na zaidi ya yote namna ya kunyamaza. Wala hakomi hapo. Ukiolewa yupo, ukijifungua yupo, ukifiwa ni yeye anayekushika mkono. Wangu anakaa Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, kijiji cha mama yangu. Ni mwanamke mfupi, mkali wa maneno, mikono haitui, kila wakati anasuka ukili wa mikeka. Nilipopelekwa kwake nilikuwa mtoto mkaidi niliyewashinda hata shangazi zangu. Makungwi wenzake walinigombeza, yeye alinicheka mpaka akajifuta machozi. Nikampenda siku hiyohiyo, na sijaacha.

Siku ya mwisho ya kufundwa alitoka na sinia lililofunikwa kanga. Chini ya kanga kulikuwa na vitu vidogo vya udongo, amevifinyanga mwenyewe kwa tope la mtoni. Vilikuwa saba. Kila kimoja kina wimbo wake na fundisho lake, na mwanamume haoni wala hasikii. Sitavitaja, safari hii naubana mdomo. Nitamtaja mmoja tu, kobe, kwa kuwa huyo ameshaonwa na kila mwenye simu. Alipomaliza kuimba aliviponda vyote kwa ngumi, akavirudisha ndooni, akaenda kuvimwaga mtoni. Nililia. Nilikuwa sijaona kitu kizuri namna ile kikivunjwa na aliyekitengeneza. Kisha nikaapishwa nisikitoe nje nilichokiona, nikaapa.

Kila nyumba ya Mwera yenye mwali ilikuwa ikimwita yeye. Si kwa sababu ya uimbaji, sauti yake Mungu anisamehe inakwaruza kama kifuu kwenye sufuria. Walimwita kwa sababu katika miaka yake yote ya ukungwi hakuna neno lililowahi kutoka kwenye chumba chake. Hana shamba la maana, hana mume, hana mtoto aliyemzaa. Alikuwa na jina hilo tu, la mwanamke asiyetoa siri, na kwa jina hilo alikaribishwa kila mlango na kupewa kiti cha mbele.

Mie nikavichora vile vitu vyote saba, kutoka kichwani, miaka mingi baada ya kuviona. Kobe nikampa macho makubwa yenye machozi machozi na gamba lenye miraba ya ukili. Nikachapisha kadi. Nilijiambia sivunji kiapo, kwa kuwa nachora udongo tu, sisemi maana wala siandiki wimbo. Nilijiambia pia kwamba somo atafurahi siku akiziona. Hilo la pili lilikuwa uongo, kwani nilikwenda Mwera mara mbili mwaka ule na kadi zimo begini, na mara zote mbili sikulifungua begi.

Dar es Salaam kadi zile zilikwisha kabla ya adhuhuri. Mombasa hivyohivyo. Watu waliuliza ni nini, nikajibu ni viumbe vya kwetu, nikaishia hapo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu watu walikuja mezani wakiniulizia mimi, si yule shujaa wa nywele za njano wa katuni za wenyewe. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kisha vijana wa Tanga mjini wakaandaa tamasha lao, dogo tu, kwenye ukumbi wa harusi kule Raskazone. Mapazia ya dhahabu ya harusi ya jana yake yalikuwa bado yananing'inia. Nikapewa meza karibu na mlango. Sijapanga hata nusu ya vitu, akaja binti mmoja wa wigi la waridi, simu mkononi, anawarushia watu wake tamasha moja kwa moja. Akaichukua kadi ya kobe, akaigeuzageuza.

"Hii umechora mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akaielekezea simu. "Jamani mnaona? Hii ni akili mnemba. Mcheki hili gamba. Hakuna mtu wa Tanga anayekaa chini akabuni kitu kama hiki."

Msomaji asiyejua matamasha yetu ataona ni utani. Kwetu sisi, kumwambia mchoraji kwamba picha yake imetengenezwa na mashine ni kumwita mwizi katikati ya soko. Meza yako inahamwa siku hiyohiyo, na jina linakufuata hadi Dar. Watu wakaanza kusogea. Msanii wa meza ya pili, mtu niliyemgawia maji yangu asubuhi, akainama kupanga stika ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Daftari langu la penseli, lenye kila mstari wa yule kobe, nilikuwa nimeliacha nyumbani kwa kuwa begi lilijaa. Ngamiani ninakokaa ni karibu. Ningesema nipeni nusu saa, ningepanda pikipiki, ningerudi na daftari na yote yangekwisha. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Lakini damu ilikuwa imeshanichemka. "Sikubuni," nikasema. "Nimeonyeshwa."

"Umeonyeshwa na nani?"

Nikamtaja. Nikataja jina lake na la baba yake, nikataja Mwera, nikasema ndiye kungwi aliyenifunda na kwamba amevifinyanga mbele ya macho yangu haya. Binti akapandisha nyusi, simu bado iko usoni pangu. "Haya, tuambie maana yake basi." Nikaisema. Nikaona haitoshi, nikaimba, beti mbili za wimbo wa kobe, kwa sauti, ndani ya ukumbi uliojaa wanaume.

Wakapiga makofi. Binti wa wigi akaniomba radhi palepale, tena kwa adabu, akanunua kadi. Meza yangu ilibaki tupu kabla ya saa nane. Na nilifurahi, hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilirudi nyumbani nikiuimba ule wimbo njia nzima, nimeshinda.

Siku ya tatu mama akapiga simu kutoka Mwera. Hakunisalimia.

"Umefanya nini wewe?"

Nikajitia hamnazo. Akaniambia video imefika huko, imepita kwenye magrupu ya watoto, ikafika kwa mama zao, ikafika kijiweni kwa waendesha pikipiki, na sasa wanaume wanamwimbia wimbo wa kobe kila mwanamke anayepita kwenda dukani. Nikasema nimetoa wimbo mmoja tu, nyimbo sita bado zimo ndani. Mama akasema kulikuwa na mwali wa kutolewa Ijumaa, na somo yangu alikuwa ameshachota tope. "Wamempelekea ujumbe asije. Wamemwita kungwi wa Pangani mjini."

"Wamemwambia kwa nini?"

"Hawakumwambia neno. Wamempelekea sukari na ahsante."

Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilifura. Niliwakasirikia wanawake wa Mwera, nikamkasirikia binti wa wigi, nikampigia nikamtaka aifute video, akaifuta bila ubishi, masikini, na haikusaidia kitu kwa sababu imeshanakiliwa kote. Nilipokosa wa kumkasirikia ndipo nilipoogopa. Jumamosi asubuhi nikazifunga kadi zote zilizobaki nyumbani, na michoro ya asili juu yake, nikaenda Pangani, nikavuka kwa pantoni, nikachukua pikipiki hadi Mwera. Dereva alikuwa akipiga mbinja. Niliujua ule wimbo.

Somo alikuwa uani, anasuka. Kando ya mlango palikuwa na ndoo ya tope, imekauka juu ikapasuka.

"Shikamoo somo."

"Marahaba. Umekula?"

Akanipakulia bada, ugali wa muhogo, na samaki wa nazi, nikala kwa sababu nilipewa. Akaniuliza habari za mjini, za mvua, za mguu wa mama kana kwamba mama hakai nyumba ya tatu kutoka kwake. Nikashindwa kuvumilia. Nikaenda chini, nikamshika miguu, nikamwambia anisamehe.

"Nimekusamehe," akasema, upesi mno.

Nikatoa kadi, nikasema nitazichoma zote mbele yake. Akajifuta mkono kwenye kanga, akaichukua ya kobe, akaiweka mbali kwa kuwa macho yake si mazuri ya karibu. Aliitazama muda mrefu.

"Umemfanya mzuri," akasema. "Wangu hakuwa mzuri hivi."

Akanirudishia kadi mkononi.

"Wangu nilimrudisha mtoni. Huyu utamrudisha wapi?"

Nikasema nitapita kwa kina mama nyumba kwa nyumba, niwaambie kosa ni langu peke yangu. Akatikisa kichwa. "Wanajua ni lako. Hawana ugomvi nami, wananisalimia vizuri tu. Lakini wana mabinti. Mtu anajiuliza, kama huyu katoka mikononi mwa yule bibi akaenda kuimba ukumbini, na wangu je, atatokaje?" Alilisema bila kunitazama, akichambua ukili, na niliona kwamba ameshalijadili hilo peke yake, siku nyingi, hadi likaisha.

Kisha akasema kuna jambo anataka nimfanyie. Nikasema lolote, na wallahi nilimaanisha.

"Usiniite somo tena. Mbele za watu wala tukiwa wawili. Kila wakisikia unaniita hivyo wanakumbuka. Niite bibi, kama wanavyoniita wengine. Inatosha."

Nilitaka anitukane. Hasira naijua, nimezaliwa nayo, ningepambana nayo hadi ipungue. Yeye hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka namna ile humwezi. Nikamuuliza siku nikiolewa nani atakaa nami ndani. Nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtoto.

"Mama yako atakutafutia mtu," akasema.

Akanisindikiza hadi barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, akaniwekea machungwa kwenye mfuko. Nikapanda pikipiki. Nikageuka kumuaga, na lile neno la miaka yote likanijia mdomoni lenyewe, nikalimeza.

"Kwaheri, bibi."

"Haya mjukuu wangu," akaitika palepale, bila kusita hata kidogo. "Nenda salama."