Mpini Mwembamba wa Mwiko

Mwiko huu ukipata mvuke wa ugali, hutoa harufu ya oili ya giaboksi. Mume wangu anasema ni mawazo yangu. Nimenusa mara mbili, ni oili.

Nilikuwa mdogo. Pikapu ya mama ilikuwa imeinuliwa juu ya mawe uani kwetu Kitale, na kando yake rundo la kabichi za kupeleka soko la Bungoma kesho yake. Fundi alikuwa ameweka klachi mpya, lakini giaboksi ilikataa kuingia.

"Si uivute na bolti," mama akasema.

"Mama, itapasuka. Sahani ya klachi haijakaa katikati. Nataka kijiti cha kuishikilia." Macho ya fundi yalikuwa yameshafika jikoni, kwenye mwiko.

"Mwiko huo hapana, bana. Nilipewa na mama yangu siku ya harusi."

"Basi mtakula kabichi mpaka Krismasi."

Mama akaangalia kabichi, akaangalia mwiko. "Chonga mpini tu. Na uchonge kidogo."

Fundi akachonga, akajaribu, akachonga tena. Mpini ukapenya tundu la sahani hadi kwenye injini. Akaikaza sahani, akauchomoa mpini, na giaboksi ikateleza ndani kwa msukumo mmoja. Nilihesabu bolti mara mbili. Hakuna iliyobaki chini.

Jioni, kabichi zikiwa zimepakiwa, baba alitafuna tonge la kwanza, akasita. "Ati leo ugali umepikwa na fundi?"

"Wewe kula," mama akasema.

Sasa wanangu nao wananusa sahani zao, wananiangalia. Nawaongezea mboga, nawaambia wale.