Siku Mama Alipokaa Mlangoni

Harufu ya mananasi yaliyoiva kupita kiasi hunirudisha uani kwetu Bagamoyo, nikiwa msichana wa darasa la nne. Wengine wakiisikia huwaza sharubati. Mimi humwona baba yangu amelala na tonge mkononi.

Baba alikuwa dereva wa lori. Msimu ukikolea alibeba mananasi kutoka Fukayosi kwenda Dar es Salaam, akishusha anageuza, akipakia anaondoka tena. Lori likiegeshwa nje, utamu ule uliochanganyika na dizeli ulijaa hadi vyumbani, na nyuki waliingia bila hodi. Sisi watoto tuliringa.

Mchana mmoja alipitia nyumbani kula, mzigo ukiwa tayari garini. Mama alimtengea wali na samaki mkekani, pale uani. Baba akafinyanga tonge, akaliinua, likaishia njiani. Macho yalijifumba, mkono ukabaki juu. Mimi na dada yangu tuliangua kicheko tukidhani anatuchekesha. Mama hakucheka. Alilitoa tonge vidoleni mwake taratibu, akamwongoza chumbani, akashusha pazia la mlango. Kisha akachukua mbuzi na nazi, akakaa pale pale mlangoni, akaanza kukuna.

Haukupita muda, tajiri mwenye lori akaingia uani, simu mkononi.

"Shemeji, yuko wapi? Sokoni wananipigia."

"Amelala."

"Muamshe."

"Simwamshi, bwana. Tangu juzi hajapata usingizi wa maana. Ataamka mwenyewe."

"Mananasi yanaoza!"

"Na yaoze. Mengine yapo shambani."

Tajiri alimtazama kama mtu asiyeamini masikio yake. Akamwambia maneno makali ambayo sitayarudia hapa. Mwishowe akadai ufunguo, akasema baba akiamka asimfuate tena. Ufunguo ulikuwa mkekani, kando ya sahani. Mama hakuinuka, dada ndiye aliyempa.

Msidhani kwamba baadaye yalitokea makubwa ya kumpa mama haki. Dereva mwingine alilichukua lori, akafika salama, na likaendelea kwenda na kurudi. Baba alikaa bila kazi muda mrefu, tukala mihogo hadi tukaichukia. Majirani wakasema mke kamwachisha mumewe kazi. Mama alisikia, akanyamaza. Baba naye alinyamaza, nami nilimdharau kidogo kwa hilo: mwanamume aliyekoroma huku mkewe akitukanwa. Hatimaye alipata gari la kupeleka wanafunzi shule, akawa analala kwake kila siku.

Alifariki mzee, kitandani mwake. Arobaini ilipopita nilimuuliza mama kama aliwahi kuijutia siku ile.

"Nijutie nini?" akasema. "Wewe unadhani baba yako alikuwa amelala? Sauti ya tajiri wake ilimwamsha mara moja. Alipitisha mkono chini ya pazia, akanishika khanga. Hakuiachia mpaka aliposikia gari limeondoka."

Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba mama alimwamulia baba. Kumbe lilikuwepo neno ambalo baba hakuthubutu kumwambia tajiri wake, kwamba amechoka. Mama alimsemea, na lawama zake akazibeba peke yake hadi tulipomzika mumewe.