Tingatinga la Baba na Udongo Mweusi wa Rujewa

Harufu ya dizeli na grisi kuukuu, ikipanda kutoka ardhini palipolowa manyunyu ya Mbeya, ndiyo inayonirudishia mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Rujewa, mimi, baba na mama, tukafika Iyunga kwenye yadi ya mashine zilizokwishatumika. Baba alikuwa ameuza nusu ya ng'ombe aliokuja nao kutoka Usukumani kabla sijazaliwa, anunue tingatinga la kusafishia na kusawazisha shamba letu la mpunga. Mama hakutaka. Alikuja, alisema, ili aone kwa macho yake ng'ombe wamekwenda wapi. Ndani ya basi nilikaa katikati yao, na safari nzima kila mmoja alizungumza na mimi tu.

Yadini palikuwa na matingatinga mawili. Moja lilipakwa rangi ya njano likang'aa kama kiini cha yai. La pili lilijaa kutu, kiti kimechanika, sponji inachungulia. Baba alimchukua fundi Mwasenga, Mnyakyusa mpole aliyeendesha mashine za barabara ujana wake wote. Fundi alilala chali chini ya lile la njano, akakwangua rangi kwa bisibisi, ukatokea ufa uliochomelewa. "Rangi haichimbi, ndugu yangu," alimwambia baba. Kwenye lile la kutu aligongagonga minyororo, akataka injini iwashwe ikiwa bado ya baridi. Ikakohoa mara mbili, ikatulia ikinguruma. Baba akalichagua hilo.

"Mama Kabula, umeona? Sikudanganyika."

"Mashine nimeiona," mama akajibu. "Mchagua jembe si mkulima."

Tingatinga lilipoanza kazi, baba akiliendesha mwenyewe, majirani walijaa pembeni kutazama. Migunga iliyokuwa ikimalizia watu mashoka iling'oka kama mihogo, vichuguu vikalala. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hata mimi nilitembea shuleni kifua mbele. Lakini shamba letu lilikuwa na mteremko kidogo, na ili maji yatulie kwenye majaruba, vile vipande vya mpunga vyenye kingo, baba alikuwa akikata upande wa juu na kusukumia udongo wote upande wa chini. Siku ya tatu mama aliingia shambani, akasimama mbele ya mashine.

"Baba Kabula, unaukwangua udongo mweusi! Huu mweupe wa chini hauna kitu. Mweusi uweke kando kwanza, usawazishe, halafu uurudishe."

Hiyo ilikuwa kazi mara mbili, na watu walikuwa wanatazama. Baba aliniangalia mimi.

"Kabula, mtoe mama yako njiani."

Nikamshika mkono, nikamvuta. Hakubisha. Angebisha, pengine ningesahau.

Mpunga wa upande wa juu ulitoka wa manjano, ukakomea magotini mwangu. Wa chini ulinenepa majani, ukalala kabla ya kujaza punje. Mashine yenyewe ilikuwa nzima kabisa, na hilo lilimtesa baba kuliko yote, maana ingeharibika angekuwa na cha kulaumu. Kiangazi kilipofika, mama alianza kubeba samadi kwa kapu kutoka zizini, peke yake, bila kumwomba mtu. Siku chache baadaye baba alichukua kapu la pili. Walipishana njiani asubuhi nzima kama wageni, hadi baba aliposimama juu ya udongo mweupe akauliza, "Mweusi ulikuwa na kina gani hapa?" Mama akazamisha kidole kwenye kapu lake, kisha mkono mpaka kwenye kifundo. "Hivi." Tulibeba samadi viangazi vinne.

Leo nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Mashine naikodi kwa simu, inafika kesho yake, na kijana anayeiendesha hunicheka ninapomsubirisha huku nikichimba vishimo kutazama udongo. Shamba la Rujewa limepona, ingawa majaruba ya juu bado hutangulia kukauka. Mwaka jana nilikwenda kuwasalimu wazee, nikamwomba mama msamaha kwa kumvuta mkono siku ile. Akacheka, akasema hakumbuki jambo kama hilo.

Baba, aliyekuwa ameketi karibu na redio yake, aliizima.

"Mimi nakumbuka," akasema. "Si wewe uliyemvuta."