Meno ya Fedha ya Mpiga Zumari

Mwaka wa 1954, Twahir bin Shekhan wa mtaa wa Langoni aliteleza kwenye ngazi za gati, akang'oka meno mawili ya mbele. Alikuwa mshona kofia, na kofia haishonwi kwa meno. Lakini yeye ndiye aliyepuliza zumari katika gungu, ule mchezo wa kale wa harusi ambamo safu mbili za wanaume husimulia kisa cha wafalme kwa nyimbo za majibizano. Na zumari haipumziki. Mpulizaji huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakisukuma hewa. Sauti ikikatika, safu husimama, mchezo umevunjika.

Bwana Khatib, aliyekuwa akimwoza bintiye, alimpelekea pole, pamoja na habari kwamba ameagiza mpiga kodiani kutoka Mombasa. Twahir alielewa. Gungu likichezwa mara moja bila zumari, halitachezwa nayo tena. Akamwendea, akaomba ajaribiwe Ijumaa baada ya alasiri. Khatib akakubali, kwa haya zaidi kuliko kwa imani.

Kamaludin, mfua fedha, alimtengenezea meno mawili ya kuchomeka. Siku nne Twahir alikaa uani na bakuli la maji, akipuliza kwa mrija wa unyasi, mapovu yasikatike. Mkewe, aitwaye Mwanaarabu, alimuuliza kama supu imeiva.

Ijumaa safu zilipoanza kusogea, sauti ilitoka nene, kisha ikapasuka. Fedha ilikuwa imeukata ulimi wa zumari, ambao ni ukuti mkavu tu. Mchezaji mmoja akasema bora kodiani, haina meno. Watu wakacheka.

Twahir aliyatoa meno, akayatia mfukoni. Akafunga ukuti mpya kwa uzi, bila haraka.

"Yatosha, Bwana Twahir," Khatib alisema kwa upole. "Huna ndia tena."

"Pua ningali nayo, Bwana. Shikani safu."

Akapuliza kwa fizi tupu. Mate yalimtiririka kidevuni, hakuyapangusa. Midomo ilipolegea, aliibana kwenye kisahani cha kifuu kilicho mdomoni mwa zumari hadi ikatoka damu. Safu zilikwenda, zikarudi. Mfalme akapoteza mji wake, akaurudia. Sauti haikukatika. Waliocheka wakajikuta wanaitikia.

Kisa kilipokwisha, Khatib alimwagiza mtu awahi mashua ya kuvukia Mokowe, bara, na barua ya kumzuia yule wa Mombasa. Twahir hakusikia. Alikuwa akiwaambia waanze upya, maana safu ya kushoto ilichelewa kugeuka.